Wimbo wa Loisi kwa Mtani Wake

Ukishuka Zuzu ukauliza kwa Loisi, watu hawakujibu kwanza. Wanacheka. Kisha ndiyo wanakuonyesha kwa kidevu: kule nyuma ya stesheni, ile nyumba ya tembe yenye mlango wa bluu. Wanacheka kwa sababu kila mmoja ana siku yake aliyowahi kupatikana na ulimi wa mama yule. Mchungaji anayo ya kwake, mkuu wa stesheni anayo ya kwake, na hata huyu anayewasimulia anayo, ila haiwahusu.

Kazi yake ilikuwa kuuza mitumba sokoni Majengo, Dodoma mjini. Alianza mapema, miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa na nguo zikaanza kumwagwa chini katika kila soko. Jamani, watoto wa siku hizi hawajui. Kabla ya hapo ukipata kipande cha kaniki unashona gauni, gauni likichoka linakuwa blauzi, blauzi ikichoka inakuwa nguo ya mtoto. Ghafla watu wa Zuzu wakawa wanapalilia uwele wamevaa makoti ya Ulaya yenye vifungo vya shaba. Loisi anakaa juu ya robota lake, anamwita mpita njia: "Njoo baba, suruali hii mwenyewe kaivua jana tu, bado ina joto!" Watu walikuja kusikiliza maneno, wakaondoka wamebeba shati.

Jumapili, baada ya kanisa, alikuwa kiongozi wa ngoma ya akina mama. Ngoma yetu sisi Wagogo, muheme, hupigwa na wanawake. Unaibana katikati ya mapaja, unaipiga kwa viganja, na mwenye ngoma kubwa ndiye anayeongoza wimbo. Ngoma kubwa ya Zuzu ilikuwa ya Loisi, na hakuna aliyethubutu hata kuikalia.

Sasa, mtani wake mkubwa alikuwa Yotham. Mama yake Loisi na baba yake Yotham walizaliwa tumbo moja. Kwetu, mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba ni watani, na utani huo msidhani ni kuchekeshana tu. Ni kazi. Mtani anakuambia usoni jambo ambalo kaka yako hathubutu, na wewe huruhusiwi kununa. Ukifa, mtani anakuja msibani anavaa koti lako, anaiga mwendo wako, anaingia kaburini na kugoma kutoka, anawatangazia waombolezaji kwamba ulikuwa mchoyo na ulikuwa unakoroma. Watu wanacheka huku machozi yanawatoka. Hapo ndipo wanajua aliyekufa alikuwa mtu wao.

Yotham alikuwa malenga. Mchana alikuwa karani katika ofisi moja mjini, lakini hiyo ilikuwa ya kupatia unga tu. Mashairi yake yalisomwa redioni, na msomaji akitaja "Yotham wa Zuzu, Dodoma," kijiji kizima kinanyamaza mpaka mbwa. Kulikuwa na moja lililovuma kuliko yote. Wachumba waliandikiana, wanawake waliolewa nalo, na ubeti wake wa kwanza hata wasiojua kusoma waliujua:

Gari la moshi lapita, halikunipa salamu,
Nami njiani nasita, moyo umejaa hamu,
Jina langu ukiita, sitaitika, fahamu,
Niache nikae hapa, nihesabu mabehewa.

Kila mtu aliamini lilitungwa kwa ajili ya mwanamke aliyepanda treni akaondoka. Yotham akiulizwa, anaangalia pembeni.

Ila kichwa chake, jamani, hakikuwa na utulivu. Kuna majuma alikuwa halali kabisa, anatembea katikati ya reli akigombana na vina kwa sauti, anajibizana na watu ambao wengine hatuwaoni. Kuna majuma alilala kaelekea ukutani, ukimwekea ugali na mlenda unaukuta vilevile umeota ngozi. Hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe ilimpokea mara mbili, na mara zote mbili alirudi amenenepa, mtaratibu, anasalimia kila mtu, na hana hata mstari mmoja kichwani. Hilo lilimwogopesha kuliko ugonjwa wenyewe. Akaacha dawa, akashika pombe ya mtama.

Mkewe, Evodia, alivumilia. Alivumilia mbuzi kuuzwa, alivumilia karatasi kuwa nyingi ndani kuliko unga, alivumilia kuamshwa aambiwe asikilize ubeti. Mwisho akachoka, akarudi kwao Gulwe, stesheni kadhaa mbele kwenye reli hiyohiyo. Binti yao, Elieth, alikuwa bado hajaanza shule. Ilipangwa baba ampeleke kwa treni baadaye, mama akishapata pa kukaa. Siku ilipofika walitoka asubuhi baba na mwana, wakaenda kupandia mjini kwa kuwa treni ya siku hiyo haikusimama Zuzu, lakini jioni mtoto alirudi. Akamwambia Loisi, "Tulichelewa treni." Kesho yake Yotham akasema hapana, mtoto amekataa kwenda, hamtaki mama yake, na salamu hizo ndizo zilizotumwa Gulwe.

Loisi hakuuliza mara mbili. Alikuwa mjane, tumbo lake halikuwahi kushika mimba hata moja, na sasa mtoto amesimama mlangoni na kijifurushi. Wewe ungeuliza nini? Alimpokea, akamkung'uta vumbi, akamlisha. Elieth akawa wake. Alimsomesha kwa karanga, halafu kwa zabibu, halafu kwa mitumba, mpaka binti akajifunza kupiga chapa na kupata kazi katika ofisi za Bunge. Kule mjini alipata na mchumba, Optatus, mtu wa Bukoba, mpole, anayefuta viatu kwa leso. Elieth alimwita Loisi shangazi mbele za watu na mama wakiwa wawili. Mama mzazi alimwandikia salamu za Krismasi, basi.

Jambo moja tu Loisi hakuwahi kulielewa. Shairi la mabehewa likisomwa redioni, Elieth alitoka nje. Alitoka akiwa mdogo, akatoka akiwa mkubwa. Loisi alijiambia ni mapenzi kwa baba yamezidi, yanamuuma.

Yotham alipunguzwa kazini pamoja na wengine wengi, miaka ile ambayo kupunguzwa ilikuwa habari ya kila nyumba. Hakulalamika. Alihamishia ofisi yake stesheni ya Zuzu, akakaa pale anaangalia reli, na Loisi akipita na robota lake anampigia kelele, "Karani! Leo umepokea mafaili mangapi?" Naye anamjibu, "Yote yamepita bila kusimama, mke wangu." Maana mtani wa kike ndiyo hivyo, unamwita mke. Mvua za mwaka uliofuata zilimkuta kifua kimejaa, na alikufa kabla hazijaisha.

Hapo ndipo Loisi alipokosea.

Asubuhi ya mazishi Elieth alimvuta nyuma ya nyumba. Macho yalikuwa yamevimba. "Shangazi, nakuomba kwa Mungu. Wanakuja wa ofisini, anakuja Optatus na dada zake. Hawajui mambo yetu. Leo usimfanyie baba utani. Acha azikwe kwa heshima kama watu wengine."

Na Loisi, mwanamke aliyewahi kumtania mchungaji madhabahuni, akakubali. Alijifunga kitenge cheusi, akakaa mkekani na wageni, akalia kwa adabu. Koti la Yotham lilibaki limening'inia msumarini. Kaburi halikuingiwa na mtu. Wachimbaji walisimama na sepetu zao wakimtazama, wakingoja, mpaka mchungaji akawaambia wafukie. Watu wa ofisini walisifu sana, wakasema msiba ulikuwa na mpangilio mzuri.

Siku chache baadaye alikuja Bartolomayo, kaka yake Yotham, mzee wa ukoo. Mzee yule alikuwa hajawahi kumwita Loisi kwa jina tangu wote wawili wakiwa wachunga ndama. Ilikuwa "mke wangu," au "mchawi wangu," au "wewe mwizi wa viazi." Siku hiyo hakuketi. Alisimama mlangoni akasema, "Loisi."

Loisi akajua ameharibu.

"Loisi, tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea, kaka."

"Basi Yotham ndiye aliyekukosea. Maana umemzika kama unavyomzika mpita njia. Mgeni akifia kwetu ndiye tunamnyamazia, kwa kuwa hatumjui. Wewe ulimjua mdogo wangu kuliko sisi sote, ukakaa mkekani unapenga kamasi kwenye leso. Watu wananiuliza, kwani Yotham alikuwa wa wapi?"

Loisi alitaka kusema ni Elieth aliyemwomba. Akaumeza ulimi. Angemtaja mtoto, lawama ingehamia kwa mtoto.

"Tanga linaondolewa baada ya mavuno," Bartolomayo akasema. "Sikulazimishi." Akaondoka na fimbo yake, hata maji hakunywa.

Kuanzia hapo Loisi hakuwa na raha. Anakaa juu ya robota Majengo, mteja anashika sketi anauliza bei, yeye kimya. Wenzake sokoni wakadhani ni malaria. Kumbe alikuwa anatunga. Alikuwa hajawahi kutunga wimbo mzima peke yake. Nyimbo za muheme hutoka tu, mmoja anatupa neno, mwingine analidaka. Huu alitaka uwe na Yotham mzima ndani yake, mashairi yake na vituko vyake, fahari yake na aibu yake. Alikusanya kama anavyochambua mitumba: hii inafaa, hii ina tundu lakini inafaa, hii iache. Mbuzi wa mahari aliyeuzwa ili mtu anunue betri za redio asikie shairi lake mwenyewe. Mkesha wa Pasaka alipolala zizini akadai ndama ndio wasikilizaji pekee wasiomkatiza. Ile siku alipomwamuru dereva wa treni asimame kwanza, kwa kuwa kina kimedondoka relini. Na kila baada ya kituko, akina mama waitikie mstari wa Yotham mwenyewe: niache nikae hapa, nihesabu mabehewa.

Akina mama walipoujaribu mara ya kwanza walicheka mpaka mmoja akaangusha ngoma. Kisha kwenye kiitikio mmoja akajifuta macho kwa upindo wa khanga. Loisi akasema moyoni, ndiyo, huyu ndiye.

Zuzu hakuna siri. Jumamosi Elieth alikuja kutoka mjini, hakusalimia hata walio nje.

"Shikamoo, shangazi. Ni kweli unataka kumwimba baba?"

"Marahaba. Kaa kwanza."

"Sikai. Zizini, pombe, mbuzi, yote hayo? Mbele ya Optatus?"

"Mwanangu, mimi nilimnyima haki yake siku ya kaburi. Nilikusikiliza wewe. Sikulaumu, ulikuwa na uchungu. Lakini Yotham hawezi kuondolewa tanga kama mtu aliyeokotwa."

"Haki gani? Haki ya kutukanwa?"

"Haki ya kujulikana," Loisi akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hilo lenyewe lilikuwa geni.

"Maisha yangu yote nimemfunika mtu yule," Elieth akasema. "Shuleni nilimfunika, ofisini nimemfunika. Wewe ukimfunua mbele za watu, shangazi, basi usinihesabu tena kuwa mwanao. Nakuambia mapema usije ukasema sikukuambia." Akatoka, akaenda kungojea gari la kurudi mjini juani, na chakula alichopikiwa kikabaki mezani.

Loisi alikaa akakitazama kile chakula. Usinidanganye kwamba mtu anayetania kila mtu hana moyo. Huyu hakuwa na kitu kingine duniani ila yule binti. Upande huu Yotham, ambaye hawezi tena kujitetea. Upande huu Elieth. Alikwenda kanisani, hakupata jibu. Alikwenda shambani akavuna uwele wake peke yake, hakupata jibu. Mwisho aliamua hivi: ataimba. Elieth yu hai, na mtu hai anaweza kukasirika na kesho akapoa. Yotham alikuwa na siku moja tu iliyobaki. Aliamua hivyo, na hofu haikumtoka hata kidogo.

Siku ya tanga ilikuwa nzuri, jua la baada ya mavuno, upepo wa kawaida wa Dodoma unaokujaza mchanga mdomoni ukicheka. Watu walijaa uani kwa Bartolomayo. Wageni wa ofisini walipewa viti, wenyeji wakakaa kwenye mikeka. Evodia naye alikuja, maana mzee alimpelekea taarifa. Alishuka treni na kikapu, mwanamke mnene kiasi, mwenye nywele zilizoanza mvi, akachagua pa kukaa mbali, karibu na ghala. Elieth alikwenda kumpa shikamoo kama unavyompa mke wa mchungaji, akarudi kwenye viti kwa Optatus.

Ibada ikaisha. Bartolomayo akamtazama Loisi.

Loisi akainuka. Akaingia ndani, akatoka amevaa lile koti la Yotham, limemfika magotini, kalamu sikioni, akatembea uwanjani kama Yotham alivyotembea, kichwa mbele, miguu nyuma, kana kwamba kichwa kimewahi na miguu imechelewa. Uwanja ukalipuka! Kuna bibi aligaragara. "Ni yeye! Jamani, ni Yotham mwenyewe!" Bartolomayo alificha uso kwenye kofia, mabega yanatikisika. Dada mmoja wa Optatus akamshika mkono jirani yake, akauliza kwa mshtuko kama marehemu anatukanwa. "Hapana, binti," akajibiwa. "Ndiyo anazikwa sasa."

Loisi akabana ngoma, akina mama wakashika zao, wimbo ukaanza. Mbuzi na betri zikapita, watu wakacheka. Zizi na ndama vikapita, wakacheka zaidi. Alipofika kwa dereva wa treni, mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi relini alisimama akaapa kwamba ni kweli tupu, yeye mwenyewe alikuwepo. Na kila mara kiitikio kikirudi, kicheko kilipungua na uwanja mzima ukaimba, wenye viti na wenye mikeka, polepole, wakitikisa vichwa kwa mapenzi: niache nikae hapa, nihesabu mabehewa.

Elieth akasimama.

"Basi kama ni kusema, semeni yote!" Alipiga kelele mpaka ngoma zikakatika. "Mnaliimba tu shairi hilo! Mnajua alilitunga lini? Mnajua nilikuwa nimekaa wapi?"

Optatus alimshika mkono, akauvuta. Lakini kabla Elieth hajaongeza neno, Bartolomayo alikuwa ameinua fimbo. Hakuwa amekasirika. "Mjukuu wa baba yangu," akasema, "mtoto hamsemi baba yake kwenye tanga lake. Ni mwiko. Hata awe na haki. Mtani wa baba yako huyo hapo. Mpe yeye aseme."

Elieth alibaki amesimama, na Loisi aliona anaweza kugeuka akaenda zake moja kwa moja mpaka mjini. Badala yake alivuka uwanja na viatu vyake vya kisigino, akachuchumaa nyuma ya Loisi, mdomo karibu na sikio lake. Loisi akagonga ngoma, taratibu. Akina mama wakafuata.

Elieth akanong'ona, Loisi akaimba.

"Yotham alimpeleka mtoto stesheni ya mjini."

Niache nikae hapa.

"Akamkalisha kwenye benchi, akasema nakuja sasa hivi. Akaenda kwa wauza pombe, maana alikuwa anatafuta kina."

Nihesabu mabehewa.

Watu walicheka kidogo. Ilikuwa bado ni Yotham wanayemjua.

"Treni ikaja. Mtoto hakuthubutu kupanda, baba hajaja. Treni ikaondoka. Ikaja ya mizigo. Mtoto akahesabu mabehewa ili asilie, akahesabu kwa sauti, akihesabu vibaya anaanza tena."

Hakuna aliyecheka sasa. Waitikiaji waliitika kwa sauti ndogo.

"Baba akaja jua limeinama. Hakuuliza treni. Alisimama akamsikiliza mtoto anavyohesabu, akasema, hicho hicho! Rudia! Akatoa kalamu. Akaandika hapohapo ukutani, akafurahi, akaondoka anaimba. Akamsahau mara ya pili. Mama mfagiaji wa stesheni ndiye aliyemrudisha Zuzu. Mtoto akasema walichelewa treni, ili baba asigombezwe."

Loisi aliimba hayo. Aliikumbuka jioni ile. Aliukumbuka mkono wa mtoto uliokuwa na vumbi la stesheni, na jinsi alivyofurahi, Mungu amsamehe, jinsi alivyofurahi kumpokea. Akangoja mnong'ono unaofuata. Kisha Elieth akasema kwa sauti ambayo hata waliokaa karibu hawakuisikia:

"Mimi sikukataa. Nilitaka kwenda kwa mama."

Mkono wa Loisi ukagonga pembeni ya ngoma.

Ni yeye peke yake aliyesikia. Angeweza kuliruka, wimbo ni wake, na mtani huchagua. Kule karibu na ghala Evodia alikuwa amekaa na kikapu mapajani, macho yamemtoka, amekwisha kuelewa nusu. Nusu iliyobaki ilikuwa mdomoni mwa Loisi. Miaka yote hii alikuwa mama kwa sababu mlevi mmoja alisahau mtoto kwenye benchi, akaona aibu, akatuma uongo Gulwe. Akiuimba mstari huu, atakuwa anamwambia mwanamke yule: mtoto huyu alikuwa wako, na alikutaka. Moyo ulimuuma, ukamuuma kweli, akatamani ardhi impokee yeye na ngoma yake. Akavuta pumzi.

"Evodia!" aliimba kwa sauti yote aliyokuwa nayo. "Evodia wa Gulwe, mtani wangu alikudanganya! Mtoto hakukataa! Mtoto alikuwa anakuja kwako!"

Evodia aliinuka. Kikapu kikaanguka, maembe makavu na vitenge vikamwagika, hakuvitazama. Alitembea katikati ya uwanja kwa miguu mizito, watu wakimpisha, mpaka akafika walipo. Elieth alikuwa bado amechuchumaa. Evodia akakaa chini kabisa, mchangani, na gauni lake la safari.

"Nilisimama Gulwe mpaka treni ikaisha watu," akasema. "Nikaja na kesho yake. Halafu nikaletewa salamu kwamba hunitaki. Nikasema, sawa, mtoto ana haki yake."

Elieth alikuwa analia kama mtoto, mdomo wazi, bila leso, mbele ya ofisi nzima.

"Nilikuwa nimekununulia viatu," Evodia akasema. "Vyekundu."

"Saizi gani?" Elieth akauliza.

Lilikuwa swali la ajabu, lakini ndilo lililotoka.

"Nilikisia tu. Nilikuwa sijui mguu wako umefika wapi."

Loisi akawaonyesha akina mama kwa kichwa wasinyamaze, wapige polepole, ili wale wawili wasisikilizwe na kila mtu. Akaendelea kuongoza ngoma, akiwa ndani ya koti la Yotham, machozi yanamshuka mpaka kidevuni bila kuyafuta kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa kazini. Bartolomayo alikuja akainama karibu yake.

"Mke wangu," akamwambia, "pumzika kidogo."

"Bado," akasema Loisi. "Waache kwanza wamalize."